Mdunguaji Asiyesubiri: Ubishi wa Watazamaji Kuhusu Miendelezo ya Sniper

Sniper: Reloaded ilipotoka mwaka 2011 ilikuwa filamu ya nne katika mfululizo ulioanza mwaka 1993, na mpaka leo haijawapatanisha watazamaji. Wapo wanaosema muvi iko sawa kabisa: risasi zinarindima, Billy Zane amerudi, kijana mpya ana sura ya steringi, sasa mnataka nini tena? Wengine wanasema Tom Berenger, steringi wa ile ya kwanza, hayumo, basi hiyo si Sniper, ni muvi nyingine iliyoazima jina. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake. Ila zote zinakwepa swali ambalo ndilo linalofanya muvi hizi zipendwe au zichoshe: je, umbali kati ya mdunguaji na mlengwa wake bado upo?

Utamu wa filamu ya udunguaji ni wa aina yake. Mtu amelala chini, anamwona mwenzake asiyemwona, na katikati yao kuna eneo ambalo risasi italivuka kwa muda unaohesabika. Wasiwasi wote unakaa kwenye eneo hilo. Ukiliondoa, unabaki na askari mwenye bunduki ndefu kuliko za wenzake, na muvi za askari wa namna hiyo zimejaa tele.

Tuanze na muda, kwa sababu ndiko malalamiko mengi ya watazamaji yanakotokea na ndiko yanakokosea pia. Chukua risasi ya NATO yenye kipenyo cha milimita 7.62 na uzito wa gramu 11.3, ambayo wadunguaji wa jeshi la Marekani wameitumia kwa miaka mingi. Inatoka kwenye mtutu kwa mwendo wa karibu mita 790 kwa sekunde. Mita 300 inazimaliza kwa sekunde 0.4 na ushee. Mita 600 inahitaji karibu sekunde nzima. Mita 1,000 ni kama sekunde 1.8, kwa sababu hewa inaipunguza kasi njia nzima. Mlio wa bunduki wenyewe unasafiri mita 340 tu kwa sekunde, hivyo unachelewa nyuma ya risasi. Aliyesimama mita 600 kutoka kwa mdunguaji husikia kwanza mpasuko mkali kama wa mjeledi, ambao ni risasi inayopita kwa kasi kuliko sauti, kisha baada ya karibu sekunde 0.8 unakuja mlio mzito wa bunduki. Askari waliofunzwa huhesabu pengo hilo kukadiria adui yuko umbali gani.

Mwongozaji anayejua kazi yake hulitumia pengo hilo. Mtu anaanguka, wenzake wanageuka wakishangaa, ndipo mlio unafika na wote wanajitupa chini. Haihitaji pesa, inahitaji fundi wa sauti kuuchelewesha mlio kidogo. Muvi nyingi za mwendelezo zinaunganisha mlio na anguko katika nukta ileile, na hapo mtazamaji anahisi kitu kimekosekana hata kama hajui ni nini.

Hata hivyo, lawama iwekwe mahali pake. Ukisikia mhusika anataja mita 1,200, hesabu kuanzia triga inapovutwa hadi mlengwa anapoanguka. Inatakiwa ipite zaidi ya sekunde 2. Lakini kama picha imekatwa katikati, yaani tumeona triga, kisha tukahamishiwa kwa mlengwa, mhariri ana haki ya kubana muda. Lawama inasimama pale tu ambapo picha haikukatwa, au pale ambapo mlio umeunganishwa na anguko huku tukiwa tumesimama upande wa mlengwa. Nimesoma maoni mengi yanayolaani tukio zima kwa kosa ambalo halipo, huku kosa la sauti lililo wazi likipita bila kuguswa.

Jambo la pili ni msalaba wa darubini, yaani ile mistari ya kulengea. Utasikia: "Msalaba umekaa kichwani moja kwa moja, uongo, risasi hudondoka!" Ni kweli hudondoka. Bunduki iliyosawazishwa kwa mita 100 itapiga chini kwa takriban mita 3 ukilenga vivyo hivyo mita 600, na karibu mita 12 ukilenga mita 1,000. Ila darubini ina vifundo vya kuzungusha. Cha juu kinarekebisha kimo, cha pembeni kinarekebisha upepo. Vipimo viko kwa mili: mili moja ni sentimita 10 kwa mita 100, na ni mita nzima kwa mita 1,000. Kwenye darubini nyingi kila mlio wa "tik" ni sehemu ya kumi ya mili. Kwa hiyo mita 1,000 inadai mili 12 hivi, yaani tik 120. Akishazungusha, msalaba unakaa kifuani mwa mlengwa moja kwa moja, na picha iliyolalamikiwa ni sahihi.

Cha kuangalia ni mkono. Kama mhusika amempiga mtu wa mita 200, kisha akahamia kwa mtu wa mita 900 bila kugusa kifundo na bila kuinua msalaba juu ya kichwa cha mlengwa, risasi ile imeingia ardhini kabla haijafika. Upepo ni vilevile. Upepo wa mita 4 kwa sekunde unaovuma kutoka ubavuni, ambao ni upepo wa kawaida wa kutikisa matawi madogo, unaisukuma risasi hiyo takriban mita 2 na nusu kwenye mita 1,000. Bendera inapepea, vumbi linapita, na msalaba umetulia katikati huku hakuna aliyegusa kifundo cha pembeni wala kutamka neno "upepo": hapo unaruhusiwa kukasirika.

Nani hasa hutamka neno hilo? Mtu wa pili. Hapa ndipo ninapoona miendelezo imepoteza kitu kikubwa kuliko vyote, na watazamaji wachache mno wanalitaja.

Mdunguaji wa jeshi kwa kawaida hafanyi kazi peke yake. Pembeni yake, au nyuma kidogo ya bega lake, analala mwenzake mwenye darubini kubwa zaidi. Huyo ndiye anayepima umbali, anayesoma upepo kwa kutazama majani na mtetemeko wa hewa ya joto, anayeandika, anayelinda mgongo. Analala nyuma ya bega kwa sababu maalumu: kutoka hapo anaweza kuona mstari mwembamba wa hewa iliyovurugwa na risasi, ukipanda kisha ukishuka kuelekea kwa mlengwa. Mpigaji mwenyewe mara nyingi hauoni, maana teke la bunduki limeshavuruga picha kwenye darubini yake. Risasi ikikosa, mwenzake ndiye anayesema imepita wapi na irekebishwe kwa kiasi gani, na ya pili inatoka ndani ya sekunde chache. Risasi za masafa marefu sana nazo hufanyika hivyo. Mwaka 2009 Mwingereza Craig Harrison alipiga mita 2,475 nchini Afghanistan, na kabla ya kupata alitumia risasi kadhaa za kupima. Mwaka 2017 mdunguaji wa Kanada alipiga mita 3,540 nchini Iraq. Risasi ilikaa hewani karibu sekunde 10.

Filamu ya 1993 iliielewa siri hiyo. Thomas Beckett wa Tom Berenger ni mkongwe wa msituni. Richard Miller wa Billy Zane amewahi kupata medali ya Olimpiki kwa kulenga shabaha, lakini hajawahi kuua akiwa kazini kama mdunguaji. Wamelala hatua chache kati yao, mmoja hamwamini mwenzake, na adui wa hatari zaidi kwa muda mrefu ni ule mpasuko uliopo ndani ya timu. Hakuna milipuko inayoweza kuchukua nafasi hiyo. Watu wawili wakinong'onezana vipimo huku wanachukiana, hiyo ni tamthilia tosha.

Miendelezo ya baadaye ilianza na nia njema. Katika ya pili, ya mwaka 2002, Beckett ambaye alikatwa kidole cha triga kwenye filamu ya kwanza anarudishwa kazini Balkani akiwa na mwenzake aliyetolewa gerezani. Jozi ipo, mvutano upo. Ya tatu, ya 2004, inampeleka Vietnam kumfuata mtu aliyewahi kuwa rafiki yake vitani. Kadiri mfululizo ulivyosonga kwa Brandon Beckett, mtoto wa Thomas, anayechezwa na Chad Michael Collins, mara nyingi nafasi ya mwenzake wa pembeni ilichukuliwa na sauti ya sikioni, kompyuta na kikosi kizima. Filamu kama ya 2022 na ya 2023 zimeelekea kwenye ujasusi na utani wa kikazi. Wanaozipenda wanasema zimechangamka, na kweli zimechangamka. Lakini mtu anayeongea na ofisi ya mbali kwa redio hana wa kumkosea imani pale alipolala.

Risasi ya darubini nayo ina mjadala wake. Katika filamu ya kwanza Beckett anampiga mdunguaji adui kupitia ndani ya darubini ya bunduki yake, na watazamaji wamebishana tangu hapo kama inawezekana. Chimbuko lake ni simulizi ya Carlos Hathcock, mdunguaji wa Wanamaji wa Marekani aliyehesabiwa kuua watu 93 huko Vietnam, ambaye anasimuliwa kumpiga mdunguaji adui kwa namna hiyohiyo. Kihesabu, kila kitu kinategemea umbali. Ili risasi ipite ndani ya bomba la darubini lenye urefu wa sentimita 30, lazima bomba liwe limekutazama wewe moja kwa moja, na risasi iingie karibu sambamba nalo. Kwa mita 300 risasi bado inaenda karibu sawa na mstari wa jicho, hivyo katika urefu wote wa bomba inahama milimita moja au mbili tu. Kwa mita 1,000 inakuja ikiwa imeinama, na ndani ya sentimita 30 hizo inashuka zaidi ya nusu sentimita. Inagonga ukuta wa bomba na lenzi za pembeni, na hapo lolote linaweza kutokea. Kwa hiyo yule anayesema "haiwezekani kabisa" na yule anayesema "ilitokea kweli, basi popote inawezekana" wote wamesahau kuuliza umbali. Muvi inayorudia ujanja huo kwa umbali mkubwa zaidi ili kumpiku Beckett mzee imeuharibu yenyewe.

Makosa mengine hayahitaji maelezo marefu. Mtu akipigwa na risasi hapaishwi nyuma mita mbili: msukumo wa ile ya 7.62, hata ikiwa ndiyo kwanza inatoka mtutuni, unaweza kumsogeza mtu wa kilo 80 kwa mwendo usiofika sentimita 12 kwa sekunde. Anaanguka kwa sababu mwili umezimika, na mara nyingi anaangukia alipo. Kizuia sauti hakifanyi bunduki itoe "fyu" ya kupuliza mshumaa. Kinashusha mlio kutoka desibeli 165 hivi hadi karibu 135, na ule mpasuko wa risasi angani hakiugusi. Mtutu kuchomoza dirishani ni kujitangaza: mdunguaji wa mjini hujivuta nyuma ndani ya chumba, analaza bunduki juu ya meza, na anapiga kupitia kipenyo kidogo akiwa gizani. Na yule mwigizaji aliyegandisha jicho kwenye kioo cha darubini, bunduki ya kweli ingempasua nyusi. Jicho hukaa kama sentimita 8 hadi 10 nyuma ya kioo.

Hilo la jicho lina sababu inayotokana na utengenezaji wa filamu, na mtu akiijua hatawaita watengenezaji wazembe kwa kila kosa. Risasi baridi za filamu hazina kipande cha chuma kinachotupwa mbele, kwa hiyo bunduki haipigi teke. Mwigizaji inabidi aliigize teke mwenyewe kwa bega, na asipofundishwa anatikisika kabla ya mlio au baada yake. Tazama mpiga picha naye: akimweka mdunguaji ndani kabisa ya chumba chenye giza, hatuoni uso wa steringi, na uso ndio uliolipiwa. Kile tunachokiona "ndani ya darubini" kwa kawaida ni picha iliyopigwa kwa lenzi ndefu ya kamera, kisha duara jeusi na msalaba vikaongezwa baadaye kwenye uhariri. Ndiyo maana picha haina mtetemeko wa joto, haina kivuli pembeni pale jicho linapohama, na msalaba hausogei na mapigo ya moyo.

Juu ya hayo kuna bajeti. Kuanzia ya pili, filamu hizi zimetengenezwa kwa soko la video na televisheni, hazikupitia majumba ya sinema kama ile ya kwanza. Siku za kupiga picha ni chache. Tukio la kutambaa kwa saa nzima kwenye nyasi linahitaji mwanga uleule, nyasi zilezile zisizokanyagwa, na subira ambayo mtoa pesa haioni kwenye trela. Mapigano ya karibu uani yanapigwa asubuhi moja. Ndivyo mdunguaji anavyojikuta anapiga ngumi kila baada ya dakika kumi.

Kwa Reloaded kuna lalamiko jingine la haki, na wasomaji wa Kiswahili wako mahali pazuri pa kulitoa. Hadithi imewekwa Kongo: Brandon yuko na vikosi vya Umoja wa Mataifa, anatumwa kumwokoa mkulima wa Kizungu aliyezingirwa na waasi, na kikosi chake kinadunguliwa na mtu asiyeonekana. Picha zilipigwa Afrika Kusini, na nchi inayoonekana nyuma ya waigizaji ni kavu na wazi kuliko sehemu kubwa ya Kongo tunayoifahamu. Ndani ya msitu wa mvua jicho mara nyingi halifiki mita 100. Milima ya Kivu ina miteremko iliyo wazi ambako mtu huona mbali, lakini kijani chake ni kingine kabisa. Kuhusu jeshi, Marekani imekuwa ikipeleka maofisa wachache tu kwenye ujumbe ule wa kulinda amani. Vikosi vya kupigana vilitoka kwingine: India, Pakistani, Bangladesh, Uruguay, na mwaka 2013 kikaundwa kile kikosi cha mashambulizi cha Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Filamu ingekuwa na nguvu zaidi kama mtu wa pembeni ya Brandon angekuwa sajini kutoka mojawapo ya majeshi hayo, mwenye kuijua lugha ya kijiji kilicho mbele yao. Badala yake wenyeji wanabaki mandhari, na hilo linaniuma kuliko kosa lolote la darubini.

Upande wa pili, kuna jambo ambalo watazamaji wamelicheka bure. Katika Sniper: Ultimate Kill ya 2017, iliyowaleta pamoja Berenger, Zane na Collins, adui anatumia risasi inayojigeuza angani kumfuata mlengwa. "Sasa wamehamia kwenye katuni," ndivyo wengi walivyolipokea. DARPA, taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, ilikuwa tayari na mradi uitwao EXACTO, na mwaka 2014 ilitoa video ya risasi ya kipenyo cha milimita 12.7 ikibadili mwelekeo angani. Lawama yangu kwa filamu hiyo ni nyingine: risasi inayojiongoza inamwondolea mdunguaji hesabu ya upepo, kimo na subira. Ni silaha inayofaa kupewa adui, maana inamfanya atishe, lakini hadithi ilipaswa kumlazimisha steringi kushinda kwa kile ambacho kompyuta haina. Inagusa wazo hilo na kulipita haraka.

Subira yenyewe inaweza kupigwa picha. Hathcock anasimuliwa kwamba aliwahi kutambaa zaidi ya kilomita moja kwenye uwanja wazi kwa siku 4 na usiku 3 kumfikia jenerali mmoja, akisogea kwa inchi huku doria zikipita karibu. Mtengenezaji hahitaji helikopta kwa hilo. Anahitaji nyasi, jua, mdudu mmoja usoni, chupa ya maji inayoisha, na mwigizaji anayeweza kukaa kimya.

Anayetaka kuufuata mfululizo huu bila kuchoka, aanze na ya 1993, aende ya 2002, kisha aruke hadi Reloaded kwa sababu ndiyo inayomleta Brandon na kumpa Miller nafasi ya mwalimu. Mafunzo yao wawili ndiyo dakika bora za filamu hiyo. Sniper: Legacy ya 2014 inafaa kufuata mara moja, maana Thomas anarudi na baba na mwana wanakutana wakiwa na bunduki mikononi, na hapo kuna deni la kifamilia lililojengwa filamu nzima iliyotangulia. Zilizobaki zinaweza kutazamwa kwa mpangilio wowote. Sniper: The Last Stand ya 2025 inamweka Brandon pamoja na mdunguaji chipukizi ambaye bado hajajithibitisha, yaani imerudi kwenye jozi ile ya mwanzo, safari hii Beckett mdogo akiwa ndiye mkongwe. Ukiitazama, acha kidogo milipuko, ukafuatilie ni nani kati yao wawili anayesoma upepo.